Moto wa Wapangaji Waliochelewa Kuhamia

Bwana asifiwe! Na asifiwe mara ya pili, maana mnanijua, mimi kila kitu nakihesabu mara mbili!

Ndugu zangu, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mjane hapa Tabora, nina nyumba ya matofali mabichi karibu na stesheni. Chumba kimoja nalala, cha pili napangisha. Nyumba hizi mnazijua: chumba kisichowashwa moto, mchwa wanahamia bila kuuliza kodi. Moshi ndio askari wetu. Kwa hiyo mtu akisema, "Mama, chumba nimekipenda, ila nitahamia mwezi ujao," namwonyesha barabara. Nilimfukuza mwalimu, nikamfukuza na fundi cherehani. Na kuwasha kuni zangu katika chumba kisicho na mpangaji? Thubutu!

Mvua zikakaribia, mchwa wakafika dirishani. Chumba kile kikianguka, sina tonge. Nililia: Bwana, niletee mtu wa kuhamia leo!

Akaniletea kijana wa reli.

"Shikamoo, mama. Mke wangu amejifungua, yuko Usoke kwa mama yake. Tutahamia arobaini ikiisha."

"Marahaba. Na mchwa nao niwaambie wangoje arobaini?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Lakini ndugu zangu, moyo ukanichoma: kale katoto nako kanataka mahali pakavu. Nikamwambia, "Lete mafiga yako na kuni. Nitakuwashia moto kila jioni mpaka mje." Akasema mzigo mmoja wa kuni. Nikasema mitatu. Tukaishia miwili, wokovu haukatazi kupatana!

Nikawa napikia ndani ya chumba cha watu. Zamani nilipikia uani, nisitie masizi kitanda changu. Jioni moja mvua ikashuka kama imetumwa. Nasonga ugali, nikasikia kishindo. Ukuta wa chumba changu umelala juu ya kitanda changu! Mchwa! Cha kupangisha nilikikagua kila siku, changu sikukitazama hata mara moja. Haleluya, kitandani hapakuwa na mtu!

Arobaini ikaisha, wakaja na mtoto wao, wakanikuta kwenye mkeka wangu kando ya mafiga yao.

"Baba," nikamwambia kijana, "sasa mpangaji ni mimi. Nakuomba uchelewe kuhamia kidogo."

Mkewe akaangua kicheko. "Mama, sogea tu huko! Moto si umeshawaka?"

Tukalala wote mle, tumetenganishwa na kanga, mpaka majirani wa nyumba kumi wakanisimamishia ukuta.

Namshukuru Mungu aliyeninyima mpangaji wa leo! Nawe ndugu yangu unayeona Bwana anakawia kuingia kwako, usimwonyeshe barabara. Mtumaini. Akichelewa, ujue mafiga yake yameshatangulia. Wewe washa moto.