Miaka Minne Isiyo Kitabuni

Risala ya wafanyakazi wa kujitolea wa Makumbusho ya Kara-Döbö, siku ya kupokea wenzao wapya kumi na wawili. Msomaji: Syrga Imanalieva.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Sabira Chormoshova, Naibu Mkuu wa Mkoa. Mkurugenzi wetu, Bwana Bakas. Wazazi wetu na wanafunzi: tunawasalimu.

Mheshimiwa, tunajua barabara ya mlimani imefunguliwa juzi tu, na tumesikia kwamba ulishuka mara mbili kusaidia kusukuma gari. Mtu anayesukuma gari kwenye theluji ili aje kutazama mazulia ya zamani ni mwenzetu. Karibu sana. Chai ya maziwa ipo, na maandazi wameyakaanga mama zetu, kwa hiyo kula bila wasiwasi. Yangekuwa yetu tungekuonya.

HISTORIA YETU

Miaka minne iliyopita mtunza vitu wa makumbusho haya, Mama Saliyma, alikuwa amebaki peke yake na mgongo wake umeshagoma. Alikuja shuleni kwetu, akasimama mbele ya darasa la mwisho, akasema: "Wanangu, nina mazulia hamsini na matatu ya sufu, na mikono miwili. Nondo wao wana midomo isiyo na idadi. Nani anakuja?"

Tulikwenda kumi na mmoja. Alituahidi kwamba nafasi ya ajira ikitokea, aliyejifunza vizuri atafikiriwa kwanza. Hakutudanganya. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, nasi tukaamini.

Leo tumebaki wanne.

MAFANIKIO

Kila Januari, theluji inapokuwa kavu kama unga, tunayatoa mazulia yote uani, tunayalaza kifudifudi na kuyapiga kwa fimbo. Baridi huua mayai ya nondo, na vumbi hubaki chini. Ukiinua zulia unaona umbo lake limechorwa kwenye theluji kwa rangi ya kijivu. Mwaka wa kwanza lilikuwa jeusi. Mwaka huu halikuonekana kabisa, tukapiga vigelegele mpaka mlinzi akatoka kuuliza nani anaolewa.

Vilevile tumeandika upya rejista ya vitu elfu mbili na mia moja. Zaidi ya nusu ni mwandiko wa mwenzetu Burulcha Asankulova, huyu aliyekaa kulia kwangu na ambaye hakutaka atajwe. Ndiye aliyegundua kwamba tandiko lililoitwa la farasi lilikuwa la ngamia. Aliligeuza tu, akatuonyesha mashimo yake mawili, akauliza, "Jamani, farasi huyu nundu alizipata wapi?" Ndiye pia aliyeshona upya pindo la lile zulia jekundu ulilopiga nalo picha mlangoni.

CHANGAMOTO

Tumeombwa sehemu hii iwe fupi. Tutajitahidi.

Mlango wa stoo yetu hufungwa kwa uzi na nta, na nta hugongwa mhuri wa shaba. Mhuri huo hushikwa na mwajiriwa tu, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa kitu kikipotea. Mama Saliyma alipostaafu, mhuri ulikwenda kwa mhasibu wetu, Bwana Kengesh, mtu mwema sana, ila anamwogopa mbwa mwitu aliyekaushwa aliyemo humo stoo. Basi kila asubuhi anafungua, anasimama mlangoni, na mazungumzo huwa haya:

"Burulcha, binti yangu, hilo dude ni nini?"

"Kiriba cha maziwa ya farasi, mzee."

"Kina umri gani?"

"Kinatuzidi mimi na wewe tukijumlishwa."

"Haya, andika. Mimi nitatia saini."

Ndivyo rejista ya mwaka huu ilivyo: mwandiko wa Burulcha, saini ya Bwana Kengesh. Yeye mwenyewe ametuambia anaona haya kusaini asichokijua.

Mwezi uliopita nafasi ya Mama Saliyma ilitangazwa. Burulcha aliomba. Akajibiwa kwamba inatakiwa miaka mitatu ya uzoefu ndani ya kitabu cha ajira, kile ambacho waajiri huandikia kila kazi ya mtu, na kitabu chake hakina hata mstari mmoja. Akauliza, "Na hii minne niliyokaa hapa?" Akaambiwa, tena kwa upole, "Hiyo ilikuwa kujitolea, binti. Haikuwa kazi."

Mheshimiwa, jibu hilo lilituuma. Tukikunja zulia vibaya tunaambiwa tumeharibu kazi.

Hapa msomaji anaomba kusema neno lake mwenyewe. Mimi, Syrga, bado nipo kwa sababu baba yangu ana kinu cha unga. Nurzat na Jibek wapo kwa sababu waume zao wana mishahara. Wale saba walioondoka hawakuwa wavivu, walihitaji kula. Burulcha ana mama mwenye ng'ombe wawili, basi. Kazi hii ananizidi, na kila mtu humu anajua. Akiondoka yeye nikabaki mimi, makumbusho yatakuwa yamechagua kinu cha baba yangu. Naona aibu.

Jumamosi anapanda gari kwenda mjini Bishkek kushona makoti kiwandani. Tulimsihi asubiri kidogo. Akasema: "Nimesubiri miaka minne. Mama zamani alikuwa ananigombeza. Siku hizi ananionea huruma, ananiwekea nyama yake kwenye bakuli langu. Hilo siliwezi."

MAOMBI

Tuna ombi moja. Tunaomba miaka ya kujitolea, ikithibitishwa na rejista na Mama Saliyma mwenyewe, ihesabiwe kuwa uzoefu, na nafasi ile isijazwe kabla hilo halijaamuliwa. Hatuombi Burulcha apewe. Tunaomba aruhusiwe kushindana.

Ratiba inasema kwamba baada ya risala tuwafunge aproni wenzetu wapya kumi na wawili. Aproni ziko mezani, zimepigwa pasi. Jana mmoja wao alikuja kujipima yake, akatuuliza, "Dada, baada ya miaka mingapi mtu anaanza kulipwa?" Tulimjibu kwamba kesho anakuja mtu anayejua. Ni yule wa mstari wa pili, mwenye sweta la kijani. Tunaomba umjibu wewe, Mheshimiwa. Tutamfunga aproni akishasikia jibu, kama bado ataitaka.

Tunakuombea njia nyeupe, yaani ya heri, ya kurudi, nyumba isiyokosa mkate, na wajukuu wenye kelele.

Ni sisi, wafanyakazi wa kujitolea wa Makumbusho ya Kara-Döbö:

Syrga, Nurzat, Jibek, na, hadi Jumamosi, Burulcha.