Bibi Mashuka na Sala ya Kila Kitanda

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Bibi Mashuka anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake halisi limo ofisini. Sisi tuliacha kulitumia zamani.

Alianza na mabeseni na pasi ya mkaa, akaishia kuwa msimamizi wa mashine zinazonguruma kama zinagombana. Wodi haikuwahi kukosa mashuka kwenye zamu yake, hata wiki ile bomba lilipopasuka, akatufulisha kwa maji ya mvua huku akituchekea mikono yetu laini.

Lakini sifa yake kubwa ni mkunjo wa mwisho. Kila akimaliza kukunja shuka, huweka kiganja juu yake na kumwombea atakayelilalia, kwa jina la Yesu. Nieleze kidogo, maana wageni huuliza. Hakuwa akimbadilisha mtu dini kwa siri. Alimwombea apone, apate usingizi, asiogope. Mkristo, Muislamu, Mhindu, asiyesali kabisa, wote kwake ni majirani, na kumpenda jirani ndiyo imani yake yenyewe.

Fundi wa mashine, mzee wa kanisa, hakuridhika. "Dada, waombee wa kwetu. Hao wengine wana watu wao wa kuwaombea."

"Haya, kaka, nionyeshe shuka la Mkristo ni lipi, nianze nalo."

Tulicheka, fundi akanuna. Aliushawishi umoja wa sala wa wafanyakazi, ambao Bibi Mashuka ndiye alikuwa mwenyekiti wake, umkanye. Bibi Mashuka aliambiwa achague: aache sala hiyo au aache uenyekiti. Aliacha uenyekiti siku hiyo hiyo, akarudi kukunja.

Mwaka jana fundi alilazwa, mgongo umemgoma. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo babu mmoja Muislamu, ambaye kila alfajiri alimwombea dua kwa kumtaja jina. Fundi alitoka wodini akitembea, akaja moja kwa moja chumba cha kufulia. "Dada, nifundishe kukunja."

"Osha grisi kwanza!"

Tangu hapo umoja wetu hukutana humo kila Jumatatu, viganja juu ya rundo la mashuka ya wodi zote, na fundi ndiye huanza. Sala waliyotaka kuizima sasa ina sauti nyingi.

Bibi Mashuka, asante. Nenda ukalale kwenye mashuka yaliyokunjwa na wengine, uamke na afya na furaha. Kitanda chako nacho tumeshakiombea.