Upande wa Kushoto Haulii

Vijana wenzangu, wazazi wetu, shikamooni. Mniwie radhi nasoma kwenye karatasi. Nikiwatazama usoni maneno yote yatakimbia.

Mnakumbuka nilivyoanza kuharibu sauti ya pili hapa kwayani. Nyimbo mpya nilikuwa najifunzia kwenye simu, kwa hedifoni za bei rahisi nilizonunua stendi pale Maili Moja. Mwalimu akisimamisha wimbo, "Nani huyo anavuta chini?" ni mimi. Nikaanza kufungua mdomo bila kutoa sauti. Ndugu zangu, nawaambia, kuimba kimya kunachosha kuliko kuimba.

Sasa, mjomba wangu wa Kisarawe ana mashine ya kupokea muziki wa mtandaoni, ghali mpaka anti, mkewe, hapendi kutajiwa bei. Siku alipotutembelea alijaribu hedifoni zangu akasonya. "Mpwa wangu, kwa takataka hizi unasikia nusu ya wimbo." Nikamwamini kabisa. Nusu! Ndiyo maana naharibu! Nikaomba nikajifunzie kwake wakati wa likizo.

Nilipofika, anti akaleta mchezo. Akafunika mashine na simu yake kwa kanga, awe anabadilisha waya, sisi tuseme kipi kinalia. Mjomba akavaa hedifoni zake kubwa, akafumba macho.

"Hii ndiyo mashine yangu! Besi imeshiba!"

Anti akafunua. Ilikuwa simu, ile yenye kioo kilichopasuka.

"Rudia!" Wakarudia, akakosa tena.

"Baba watoto, kumbe tulinunua boksi tupu?" Binamu zangu wakagaragara kwa kucheka. Mjomba mdomo wazi, jamani, kama mtu aliyepokwa sahani.

Ikaja zamu yangu. Nikasikiliza mashine, nikasikiliza simu. Nikasema polepole, "Mjomba, upande wa kushoto haulii."

Akavaa yeye. "Mbona zote zinalia?" Akanivalisha kinyume, ya kulia ikae kushoto. Kushoto kukabaki kimya vilevile.

Hakuna aliyecheka tena. Anti akasimama nyuma yangu, akaniita jina kwa kunong'ona kwenye sikio lile. Sikugeuka. Hilo niliambiwa baadaye. Kumbe si simu, si hedifoni! Nililala na sikio hilo, nikaenda nalo shule, sijui!

Hospitalini daktari akasema kuna maambukizi ya siku nyingi, maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. "Hukuwahi kuona dalili?" Niliziona. Lilikuwa linatoa uchafu, nikaona aibu kumwambia mama. Akasema ningezidi kukaa, lingeweza kuziba moja kwa moja. Nililia palepale.

Nikapewa dawa, kurudi kliniki, dawa tena. Asubuhi moja jikoni nikaruka pembeni nikidhani kuna kitu kushoto kwangu. Kumbe ni mlio wa kitunguu kinachokaangwa, sikio la kushoto limesikia! Nikapiga kelele, mama akafikiri nimeungua.

Asante mama kwa safari zote za kliniki. Asante anti kwa kanga yako. Asante mjomba, ingawa mpaka leo unadai mashine yako inalia vizuri zaidi. Nilirudi kuisikiliza kwa masikio mawili. Tofauti kati yake na simu sikuipata, lakini hedifoni zile sikutaka kuzivua.

Ndugu zangu, sauti ikipungua usikimbilie dukani. Sema nyumbani, hata kama ni jambo la kutia aibu. Aibu yangu ilikuwa inaninyamazisha mdomo na sikio kwa pamoja.

Jumapili nitaimba. Nikivuta chini, safari hii mniambie.