Mlango wa Tatu

“Tangazo Kuhusu Kuahirishwa kwa Muda kwa Orodha ya Muda ya Meza za Soko.” Ndivyo ilivyosema karatasi, na chini yake mihuri miwili. Sijaona, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliisoma mara nne kabla ya kuja kuketi kijiweni, mtaani Jabe, kwenye kiti kilichong'olewa nyuma ya teksi na kuegemezwa ukuta wa gereji ya Twahiru. Jina lake lisipotoka leo kabla ya saa kumi, meza yake ya miaka kumi na tisa itapewa mwingine, naye atauzia chini, matopeni.

Divin, mtu wa Uvira aliyeiandikia kamati ya soko programu ya orodha, alikuwa amebanwa katikati, kahawa ikimpolea mkononi. Alishaeleza kwamba programu haina siri: ina mlango wa kuingilia, yaani klaviye, vile vitufe vya kuandikia, ambako inasoma neno la mtu, na mlango wa kutokea, yaani ekrani, ambako inaandika. Kwa bahati mbaya, Divin ni mkweli.

— Kuko na wa tatu, akaongeza. Wa makosa: programu ikikwama, inaandikia huko.

Springi za kiti zikalia.

— Mama Ndagala, umesikia? alisema Mohamadi, aitwaye Avoka, yaani wakili, kwa sababu aliwahi kushtakiwa. Nyumba ya mutu mwaminifu iko na milango ngapi?

— Mbili, alijibu Twahiru. Ya tatu ni ya kupitishia majina. Moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Avoka akaenda mbali zaidi: majina yalishafichwa kwenye depo moja huko Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, na meza wamegawiwa marehemu, maana hao hawalalamiki. Sijaona hakuwahi kumwamini Avoka, lakini leo alimgeukia Divin.

— Divin, mwanangu, jina langu umelipeleka wapi?

— Liko ndani, mama. Programu haijaandika kosa hata moja. Inanyamaza tu.

— Na mwizi ananyamaza, alisema Twahiru.

Hapo akaja Mwantum, mfagizi wa ofisi ya kamati, kununua kahawa. Alisikiliza kidogo.

— Mi kila asubui nikiinua kitambaa nifute vumbi, naona ile mashini imeandika: “Majina 212. Tuendelee? Ndiyo au hapana.” Nani alipashwa kuijibu?

Kila mtu akachungulia kikombe chake, isipokuwa Divin, ambaye alishavuka barabara mbio.

Sekretari wa kamati alikuwa ameianzisha programu Jumatatu, akaifunika ekrani kwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, kisha akaketi kuandika tangazo. Saa tisa na robo Divin aliandika “ndiyo”. Jina la Sijaona lilitoka la sabini na moja.