Marehemu Leodegar na Milango Aliyoivunja

Wapendwa mliopanda mlima kutufariji, huyu ndiye tunayemsindikiza.

Leodegar Valerian Kavishe alizaliwa Tarakea tarehe 2 Oktoba 1964, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, jina ambalo walimu walilikosea hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1978. Alijifunza useremala kwa baba yake, na alipoajiriwa Zimamoto Moshi mwaka 1986, watani walimwambia ameacha kutengeneza milango, sasa anaivunja.

Tarehe 15 Juni 1991 alifunga ndoa na Salvina, wakajaliwa Gladys, Primus na Mektrida.

Tarehe 9 Machi 2011, saa nane mchana, moshi ulionekana kwenye nyumba iliyofungwa pale Majengo, marehemu akavunja mlango wa mninga, akakuta sufuria ya dengu iliyosahaulika jikoni, wala hapakuwa na mtu ndani. Mwenye nyumba, Bwana Dhirendra, alimshtaki yeye binafsi. Mama Salvina, akiwaza ajira ya mumewe na ada za watoto, alimsihi siku nyingine asubiri ruhusa ya mwenye mlango. Kesi ikiwa bado mahakamani, nyumba iliwaka Mabogini, mwenye nyumba akiwa shambani, askari wenzake wakasita kuvunja bila ruhusa, marehemu akapiga teke mlango na kutoka na Bibi Ruth, kikongwe aliyekuwa ndani, mgongoni, na jioni hiyo Mama Salvina alimpikia kiburu cha ndizi na maharage, na habari ya ruhusa haikusemwa tena.

Mahakama iliifuta kesi, ikieleza kwamba askari aliyevunja kwa nia njema wakati wa dharura analindwa na sheria, hata kama amekosea. Jumamosi iliyofuata alibeba mbao hadi Majengo, ingawa wakili alimkataza, akamtengenezea Bwana Dhirendra mlango mpya, akisema sheria imemlinda yeye, haijaulinda mlango.

Alistaafu Oktoba 2024. Tarehe 6 Mei 2025 alianguka kwa kiharusi bafuni, akiwa amejifungia kwa ndani, na jirani yetu Jesse alivunja mlango kwa shoka la kuni, ndipo tukajaliwa siku kumi na tisa za kumshika mkono, hadi alipofariki tarehe 25 Mei, watoto wake wote wakiwa wamefika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, askari wenzake, majirani, na Bwana Dhirendra aliyekuja na familia yake. Na Jesse, ambaye tangu siku ile ameomba radhi mara tatu, familia inakutangazia mbele ya hadhara hii kwamba mlango ule hauna kesi.

Baba Leodegar, pumziko lako liwe la amani.