Harusi Zilipanda, Idi Zikabaki

Ziwa lilipopanda na kumeza mtaa wa ufukweni, watu wa Rumonge waliokoa vitanda, mabati na milango. Wanaume wa kijiwe waliokoa benchi. Walilibeba wanne, maji yakiwa kiunoni, wakalitua huku juu kando ya barabara ya Nyanza-Lac, chini ya upenu wa ghala la mawese. Siku ya tatu Mustafa, muuza kahawa, akalifuata na birika lake la kahawa ya tangawizi, na kijiwe kikaendelea palepale kilipokatizwa, ubishi uleule na vikombe vilevile. Lakini Jumamosi hii, saa nane na nusu ya mchana, hakuna aliyebishana juu ya mpira wala bei ya samaki wa ndagala. Katikati ya benchi palikuwa na beseni la mchele, na macho yote yalikuwa kwenye beseni.

Ndani ya mchele ule Radjabu alikuwa amezika disiki yake ya picha kwa siku nne ili ikauke. Radjabu ndiye Foto, mpiga picha wa mtaa. Kila Idi, watu wakitoka kuswali, alikuwa anapita mlango kwa mlango na kuwapiga picha wenye nyumba wakiwa wamesimama mbele ya mlango wao, na nguo mpya, na watoto waliopakwa mafuta hadi wanang'aa. Miaka kumi na miwili hakuruka hata nyumba moja, na malipo yalikuwa sahani ya pilau. Sasa nyumba zote zile zilikuwa chini ya maji, na kamati ya kugawa viwanja vipya kule Gatete ilikuwa imesema: leta karatasi yenye vipimo vya kiwanja chako, pamoja na picha ya nyumba kabla ya mafuriko, au saini za majirani wa pande zote. Mtu wa kamati angepita hapa kijiweni saa kumi kukusanya karatasi. Kwa hiyo mtaa mzima, ukitaka kusema kweli, ulikuwa ndani ya lile beseni.

— Chomeka tena, — alisema Asmani.

— Nimechomeka mara tano, Sekretere. Hii haiko redio, kusema utaipiga kofi iimbe.

Aliyejibu ni Bahizire, fundi wa redio aliyetokea Uvira zamani, na kijiweni jina lake ni Voltaji. Asmani yeye wanamwita Sekretere kwa sababu kalamu haimtoki mfuko wa shati, na barua zote za mtaa huandika yeye. Voltaji alipuliza punje za mchele, akachomeka waya kwenye kompyuta ndogo ya Radjabu. Disiki ikalia ka, ka, ka. Kisha ikanyamaza.

— Imekufa, — alisema Voltaji. — Pole, Foto. Maji iliingia mupaka mu roho.

Asubuhi ileile Radjabu alikuwa ameongea kwa simu na Raisa, binti wa marehemu Ma Aziza, aliyeolewa Kabonga. Alimwambia njoo, picha za mama yako ziko kwangu. Na Raisa alikuwa njiani.

— Lakini kule juu ziko, si ndiyo? — aliuliza Mustafa akimimina kahawa. — Si ulitwambia unazipandisha kwa klaudi, kule mtandaoni?

— Nilikuwa nazipandisha, — alisema Radjabu. — Kompyuta yangu iko ndogo, haina nafasi, basi picha zote zilikaa mu disiki. Ile porogarame ilikuwa inazitoa mu disiki inazipeleka juu, kila siku kidogo, rezo, mtandao wa hapa, munaijua wenyewe. Kisha ikaleta mesaji. Ikasema toka tarehe fulani haitafuata tena dosiye za picha zenye ziko mu disiki ya inje. Kila kitu kiingie ndani ya kompyuta.

— Na weye ukafanya nini? — aliuliza Mustafa.

— Nilibonyeza "baadaye".

— Mara moja?

— Kila asubuhi. Miezi mitatu.

Mustafa aliweka birika chini.

— Yebaba we, Foto!

— Ningeziweka wapi? Ndani hamuna nafasi! Tarehe ikafika, ikakata. Ilikuwa inapandisha kwa alfabeti. Dosiye ya Arobaini ilipanda. Harusi zilipanda zote. Ikafika kwa Idi, ikasimama.

— Kwa hiyo za Idi hakuna hata moja, — alisema Asmani.

— Hakuna.

— Hata moja.

— Nimeshakwambia, Sekretere.

Asmani alikunywa kahawa yake taratibu, akafuta mdomo, na mtu asiyemjua angedhani anaomboleza.

— Mimi naelewa ile kampuni, — alianza Voltaji. — Disiki ya inje ni kama mutoto wa inje. Unamulisha, unamuvalisha, lakini siku ya kugawa mali, shehe anauliza: huyu iko mu ndoa? Haiko mu ndoa, harisi kitu. Njo sheria ilivyo.

— Hapana, sha, — alisema Asmani. — Ni siasa. Disiki ya inje unaweza kuichomoa ukaondoka nayo. Wale wazungu hawataki kitu chenye kinaondoka. Mwenye nyumba hapendi mupangaji mwenye virago mukononi. Wanataka ulale kwao, uamkie kwao, siku moja wakuambie kodi imepanda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali imeingia wapi hapo? — aliuliza Mustafa.

— Imeingia palepale. Weye hukusoma.

— Munakosea wote, — alisema Voltaji, na sasa alikuwa amesimama, kikombe mkononi. — Mimi batu ya courant, ya umeme, waliniambia. Kule juu kumejaa! Dunia nzima inapandisha picha: chakula, mbuzi, mutoto akipiga mswaki. Uzito huo unaenda wapi? Mashine zinapata joto, joto inavuta maji, maji inakuwa mvua. Juu ya nini mvua ya mwaka huu haikuisha? Juu ya nini Tanganyika ilipanda? Haba na haba hujaza ziwa! Picha zetu wenyewe njo zimetuzamisha!

Siku nyingine kijiwe kingelipuka kwa kicheko. Mustafa alicheka peke yake, akakoma alipoona anacheka peke yake. Radjabu alikuwa anawaangalia rafiki zake wawili, na alichokiona hakukipenda. Voltaji alipiga domo kama mtu aliyetoka kwa daktari na habari njema. Mabega ya Asmani, yaliyokuwa yamekakamaa tangu asubuhi, yalikuwa yameshuka. Hawa hawakuwa watu waliopoteza kitu. Walikuwa wamepona.

Na alijua wamepona nini, kwa sababu na yeye alikuwamo. Kule chini nyumba ya Asmani ilikuwa upande wa kaskazini na ya Voltaji upande wa kusini. Katikati yao alikaa Ma Aziza, mjane, mwoka mikate ya mchele, ambaye baraza lake ndilo lilikuwa kijiwe cha kwanza cha benchi hili. Radjabu alikaa nyuma yake. Ma Aziza alifariki Ramadhani ya mwaka juzi, na nyumba ikabaki na kufuli. Wiki iliyopita walikaa watatu hapa, Asmani akaandika karatasi zote kwa kalamu moja. Akavuta kiwanja chake hadi kwenye mpera wa Ma Aziza. Akavuta cha Voltaji hadi kwenye mpera huohuo. Jiko la nyuma, Ma Aziza alipokuwa anaokea mikate, akampa Radjabu. Kila mmoja akawawekea wenzake saini ya ujirani, na kwenye karatasi Ma Aziza hakuwahi kujenga. Nakala za vipimo kamati walikwisha kuzipata; zenye saini zingekusanywa leo. "Asiyekuwapo na lake halipo," Asmani alisema siku ile. "Raisa iko na nyumba ya mume." Radjabu naye akatia saini. Na leo disiki ilipolia ka, ka, ka, kabla ya uchungu kumfika, kitu kidogo ndani yake kilikuwa kimeshukuru. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto.

— Kahawa imebaki kikombe kimoja, — alisema Mustafa. — Nani anaongeza?

Pikipiki ikasimama mbele ya ghala. Aliteremka mwanamke mwenye kitenge cha njano, mfuko begani, vumbi la njia nzima ya Kabonga kwenye kope. Alimlipa dereva, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi.

— Amahoro, ba baba. Asalaam alaykum.

— Wa alaykum salaam, mwanetu Raisa, — alisema Mustafa kwa furaha ya kweli, na kumpa kikombe. — Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Asmani alikohoa.

Raisa alikaa kwenye ncha ya benchi, akashika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Aliona beseni, akaona disiki, akamtazama Radjabu.

— Imekataa, baba Foto?

— Imekataa, mwanangu. Na kule juu za Idi hazikufika. Nisamehe.

Hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kilichobaki.

— Picha zangu zote zilikuwa mu kabati ya mama, ziwa limechukua. Sawa. Kamati wamesema bila picha, saini ya majirani inatosha. Nimepita kwao sasa hivi. Wamenionyesha mchoro wa mtaa, wenye walichora kwa nakala za kwanza. Nimetafuta kwetu. Sikuona. Nikasema labda mimi ndiye sijui kusoma michoro. Basi nimekuja kuwauliza ninyi, juu ninyi ndio mulikuwa majirani. Kutoka kwa mulango wa baba Asmani mupaka kwa mulango wa tonton Bahizire, katikati kulikuwa nini?

Lori la mawese lilipita, upenu ukatetemeka. Lilipokwisha kupita, swali lilikuwa bado limekaa pale. Voltaji alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Asmani alianza kutafuta kitu mfukoni, akapata kalamu, akairudisha.

— Mambo ya mipaka, mwanetu, — alisema mwishowe, — ni mambo marefu. Maji imefuta alama. Mtu hawezi kusema tu, ilikuwa hapa, ilikuwa pale...

— Sikuuliza mupaka, baba. Nimeuliza kulikuwa nini. Mulikunywa kahawa pale kila siku. Mimi ndiye nilikuwa naleta mikate. Nilitoka mu mulango ule siku naolewa, na baba Asmani ndiye alinishika mukono.

Hapo ndipo Radjabu aliposhtuka. Siku naolewa. Harusi zilipanda zote.

Mkono ulienda kwenye simu kabla hajaamua. Asmani aliuona ule mkono. Alikuwa mwepesi wa akili kila siku, na leo hakuwa mzito.

— Foto, — alisema kwa sauti ya chini. — Maji yakimwagika hayazoleki.

— Ego, ndiyo, Sekretere, — alisema Radjabu. — Najua.

Akafungua. Alishuka kwenye orodha: Harusi ya Faridi, Harusi ya Jamali, Harusi ya Raisa. Akabonyeza video. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, na rezo ya Rumonge ikawatesa wote sawasawa, wenye haki na wasio na haki. Radjabu alijua kamera ile ilipita wapi, kwa sababu mkono wake ndio uliishika. Ilianzia barazani, ikazunguka mpera, ikaenda nyuma hadi jikoni kupiga picha masufuria, na nyuma ya jiko, hatua kumi na tano nzima kutoka kwenye mpaka alioutia saini, ulionekana uzio wake mwenyewe wa matete. Bado angeweza kusema rezo imekataa. Wote wangeamini, kwa maana hukataa kila siku.

Kiduara kikaacha kuzunguka.

Vigelegele vililipuka kutoka kwenye simu ile ndogo hadi Mustafa akaruka. Akaonekana Raisa, msichana mwembamba chini ya shela. Akaonekana mlango wa kijani, na mpera umefungwa karatasi za rangi, na Asmani mwenye nywele nyeusi akipanga viti. Kisha Ma Aziza akaingia kwenye picha, kijiko cha mbao mkononi, mzima kabisa, na sauti yake ikajaza upenu wote wa ghala:

— Asmani! Ondoa viti vyako hapo kwa mupera! Mupera ni wangu, na nyuma yake ni kwa mwanangu. Peleka kwako, baba, hata kwako kuna nafasi!

Mle ndani ya simu watu walicheka. Kwenye benchi hakucheka mtu. Raisa alikuwa ameweka mkono mdomoni, machozi yakimtiririka hadi kwenye vidole, na hakuwa akiiangalia simu tena. Alikuwa akiwaangalia wao, mmoja mmoja.

Voltaji alikaa chini. Asmani alikuwa ameshika goti lake kama mtu mwenye maumivu. Mustafa alitikisa birika, halikusema kitu, akaligeuza kifudifudi juu ya makaa.

Saa kumi kasorobo. Kwa mbali, kwenye kona ya soko, alionekana mtu akija na faili kwapani.

Radjabu alitoa karatasi yake kutoka kwenye mfuko wa koti, akaikunjua juu ya goti, akailainisha kwa kiganja.

— Sekretere, — alisema. — Leta ile kalamu. Tuanze na yangu.