Sura ya Sita Badala ya Tisa

Mke wangu aliniandikia namba ya sura kiganjani, tumesimama uso kwa uso mlangoni kwa Winchi, kwa sababu anajua kichwa changu ni chujio. Aliandika tisa. Kwa upande wake ilikuwa tisa. Mimi niliposimama mbele ya waombaji waliokuja kumwombea na kufunua mkono, nikaona sita, nikasoma sita, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Sura ya tisa ya Samweli wa Pili ni ya mfalme kumkaribisha kiwete mezani pake, na ndiyo iliyomfaa mgonjwa wetu. Ya sita ni ya Uza: ng'ombe walijikwaa, sanduku la Mungu likataka kuanguka, Uza akanyosha mkono kulizuia, na Mungu akampiga, akafa palepale. Sasa, Winchi ni mpakiaji wa duka la samani. Wiki ile kabati la milango mitatu liliteleza ngazini, akanyosha mkono kulizuia lisimwangukie mwenzake aliyekuwa chini, na vidole viwili vikaishia hospitali. Nilipofika kwenye "akafa", nilimwona anautazama mkono wake wenye bendeji. Kisha akageukia ukutani.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano alasiri nilikuwa kijiweni petu, kwenye kiti cha nyuma cha basi bovu kilichowekwa nje ya kibanda cha Volti, fundi umeme. Wananiita Pasipoti, maana nimeendesha malori katika nchi sita. Au tisa, siku hizi sina hakika. Wenzangu walikuwa Volti mwenyewe, Kinyozi wa mlango wa pili, na Ticha, mwalimu mstaafu ambaye bado anasahihisha watu bure. Birika la kahawa lilikuwa katikati yetu.

— Winchi amewarudisha wazee wa kanisa mlangoni, niliwaambia. Mkewe akitaka kumwombea, anamjibu, "Aliyenipiga ndiye huyo unayemwomba?" Na mke wangu kasema nisirudi nyumbani kabla sijaenda kulirekebisha. Nitamwambia nini mimi?

— Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, alisema Kinyozi.

— Unamsema Winchi?

— Nakusema wewe. Winchi pole nilishampa.

Ticha alivaa miwani, akafungua Biblia yake iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa viatu.

— Tuanze na jambo moja. Mungu ni upendo. Hiyo ndiyo taa, mengine yote tunayasoma kwa mwanga wake. Sasa tazameni. Sanduku lilipaswa kubebwa mabegani, kwa miti maalumu. Wao wakalipakia kwenye gari. Kosa lilianzia kwenye upakiaji.

— Ticha, nilimwambia, nimwambie mpakiaji aliyekatika vidole kwamba kosa lilianzia kwenye upakiaji?

— Hapana. Hilo liruke.

— Mimi nalaumu ng'ombe, alisema Kinyozi. Waliojikwaa ni wao. Mbona hawakupigwa? Ndiyo maana wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu ng'ombe.

Volti alikuwa anakaza skrubu ya pasi ya mtu. Akaiweka chini, akafuta mikono kwa suruali. Akifuta mikono hivyo, jua kuna nadharia inakuja.

— Nyinyi mnahangaika bure. Lile sanduku lilikuwa mbao, si ndiyo? Ndani dhahabu, nje dhahabu. Dhahabu, mbao, dhahabu! Fundi yeyote atakwambia, kitu hicho kinatunza umeme. Uza kashika bila glavu. Mungu hakukasirika hata kidogo. Ni shoti.

— Imeandikwa hasira ya Bwana iliwaka, alisema Ticha.

— Si ndiyo hiyo, iliwaka!

— Yaani Mungu mwenye upendo akaacha waya wazi njiani wanapopita watoto?

Volti akameza kahawa.

— Alikuwa ameweka onyo.

— Sikilizeni, Kinyozi alisogea mbele. Labda Mungu alimpenda Uza kupita wote. Akaona mbele kuna balaa, akamwahisha mbinguni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Kwa hiyo akikupenda anakuua?

— Anakuwahisha.

— Basi naomba anipende kiasi, nilisema. Na hilo nalo siendi kulisema kitandani kwa mgonjwa. Akitaka kuwahishwa je?

Tukanywa. Kahawa ilikuwa imeanza kuwa na machicha. Nikakumbuka yule mwanamke wa kwenye Injili, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Nikawaambia: huyu naye alinyosha mkono kugusa vazi la Yesu, asipostahili kugusa, tena kwa kuibia, kutoka nyuma. Hakupigwa. Aliitwa binti, akaambiwa aende kwa amani.

— Eeh! Volti aliruka. Kwa sababu safari hii kulikuwa na ethi! Umeme ni uleule, lakini Yesu ndiye waya wa ethi. Moto wote ukapitia kwake ukashuka ardhini.

— Unamfananisha Mwokozi na waya?

— Yeye mwenyewe alijifananisha na mlango.

Ticha alifunua Injili kusahihisha, akaukuta mlango upo. Kwa kweli hata mimi ile ya waya ilinigusa, nikaanza kuipanga kichwani niende nayo. Halafu Kinyozi akaharibu.

— Sasa Uza naye alikosa nini kuzaliwa kabla fundi hajafika?

Ticha alisema hata mfalme Daudi siku ile alichukia, kisha akaogopa, akalikataa sanduku lisifike kwake. Volti akauliza, kama mfalme mwenyewe hakuelewa, sisi wa kiti cha basi tutaelewa na nini?

Ndipo Winchi akatokea. Mkono ameuning'iniza kwa kitambaa shingoni, shati limefungwa vifungo vya juu tu. Tuliinuka wote, kisha tukakosa la kufanya tukiwa tumesimama, tukakaa.

— Shikamoo wazee.

— Marahaba, ndugu yangu, nilisema. Nilikuwa nakuja kwako.

— Tangu Jumapili unakuja?

— Tangu Jumapili. Winchi, nilikosea sura. Haikuwa sita, ilikuwa tisa. Ya Uza haikuwa yako.

— Yangu inasemaje?

— Mfalme anamtafuta mtu wa kumtendea mema. Anampata kiwete. Kiwete anaogopa, anaanguka kifudifudi, mfalme anamwambia usiogope.

— Kiwete mguu upi?

— Yote miwili.

— Halafu?

— Anakula mezani pa mfalme siku zote.

Winchi alifikiri. Aliutazama ule mkono, akatutazama mmoja mmoja.

— Na Mungu wa sura ya sita na huyu wa sura ya tisa, ni yuleyule?

Volti aliokota pasi. Kinyozi alichungulia ndani ya birika kama jibu limezama humo. Ticha alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma.

— Ni yuleyule, nilisema.

— Basi Uza alipigiwa nini, na alikuwa anasaidia?

— Hatujui.

— Ticha?

— Nimefundisha miaka thelathini na moja, mwanangu. Sijui.

— Nyote hamjui?

— Sote.

— Na wewe mzee Pasipoti, siku ile ulipokuwa unanguruma vile, ulikuwa hujui?

— Nilikuwa sijui.

Winchi alivuta pumzi ndefu.

— Sogeeni huko nikae, alisema. Siku tatu sijapata usingizi, nikidhani ninyi mnajua.